Mgombea Asiye na Mpinzani na Wimbo Wake wa Kampeni: Kisa cha Franco na Mobutu, 1984

Julai 1984 wananchi wa Zaire, Kongo ya leo, walikwenda kupiga kura ya urais. Mgombea alikuwa mmoja tu, Mobutu Sese Seko, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi ya Novemba 24, 1965. Chama kilikuwa kimoja, MPR, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu siku anazaliwa. Matokeo yalipotangazwa, Mobutu alikuwa amepata zaidi ya asilimia 99 ya kura, na hakuna aliyeshangaa.

Mwaka huo huo Franco Luambo Makiadi, mwanamuziki mkubwa kuliko wote nchini humo, aliingia studio na bendi yake ya TPOK Jazz akatoa santuri ya kumpigia debe rais. Wimbo unaitwa Candidat na biso Mobutu, yaani mgombea wetu ni Mobutu. Haukuwa wimbo uliolipuliwa harakaharaka. Una magitaa yanayojibizana, matarumbeta yaliyopangwa, waimbaji wanaopokezana bila kugongana, na jina la mgombea linarudi na kurudi mpaka linakukaa kichwani hata kama huelewi neno moja la Kilingala. Na hapo ndipo swali langu linapoanzia. Mtu asiye na mpinzani anautakia nini wimbo wa kampeni?

Hapa Arusha huwa tunalijadili jambo hili kwa kulizungukazunguka. Kuna wapenzi wa rhumba tunaokutana Jumapili jioni pale Kaloleni, na kila wimbo huu ukipigwa ubishi unakuwa ni ule ule: Franco alilazimishwa au alinunuliwa? Wa upande mmoja atakwambia mkono mtupu haulambwi, jamaa alivuna, alikuwa na mali na klabu yake Kinshasa. Wa upande wa pili atamgeukia, "Ndugu yangu, ungekuwa wewe ungekataa?" Basi tunakesha hapo.

Mimi naona wote wawili wanaanzia mahali pasipo. Wanachukulia kwamba kazi ya wimbo ilikuwa kumshawishi mpiga kura, kisha wanabishania dhamiri ya mwimbaji. Ushawishi haukuhitajika kabisa. Katika kura ya 1970 mwananchi alichagua kati ya kadi ya kijani, iliyosemwa ni ya matumaini, na nyekundu, iliyosemwa ni ya vurugu, na alichagua huku anaonekana. Waliohesabiwa kuchukua nyekundu nchi nzima ni 157, dhidi ya zaidi ya milioni 10. Serikali inayoweza kutangaza hesabu ya namna hiyo na kesho yake ikaendelea na kazi haihitaji gitaa ili ishinde. Ilichokitaka ni kitu ambacho kura haiwezi kukitoa: watu waitikie, kwa midomo yao wenyewe, kwa pamoja, huku wakionana.

Sifa za Mobutu hazikutengenezwa ili ziaminiwe. Zilitengenezwa ili ziitikiwe. Ukilishika hilo, mengi katika kisa hiki yanajipanga yenyewe.

Kabla ya santuri

Sura ya Mobutu ilijengwa kwa miaka mingi na kwa akili nyingi. MPR ilizaliwa Mei 1967. Oktoba 1971 nchi ikabadilishwa jina kuwa Zaire. Mwaka uliofuata majina ya ubatizo ya Kizungu yakapigwa marufuku, na Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Suti na tai zikaondoka, ikaja abakosti, koti lenye kola fupi lisilohitaji tai. Watu wakaacha kuitana bwana na bibi kwa Kifaransa, wakaitana mwananchi. Yeye mwenyewe akabaki na kofia yake ya ngozi ya chui na fimbo yake mkononi, vitu viwili ambavyo mtoto yeyote angeweza kuvichora.

Sipendi mambo haya yanavyosimuliwa kama vituko. Kwa mtu aliyekulia chini ya Wabelgiji, kuambiwa avae vya kwake, aitwe jina la babu yake, na muziki wake upewe nafasi ya kwanza redioni, ilikuwa heshima ya kweli, na wengi waliipokea kwa moyo mweupe. Ndiyo maana mpango ulifanya kazi. Kiongozi alichukua kiu halali ya watu wake akaibandika uso wake.

Kwa walio nje ya nchi kulikuwa na michezo. Mwaka 1974 timu ya taifa, Chui, ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri, kisha ikaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, ambako Yugoslavia iliifunga 9-0. Oktoba 30 mwaka huo huo Muhammad Ali na George Foreman wakapigana Kinshasa saa kumi alfajiri, ili pambano lionekane Marekani kwa saa zao za jioni. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Dunia nzima ilijifunza kutamka Zaire usiku ule.

Lakini mchezo mkubwa zaidi ulikuwa wa ndani, na ndio ambao huku kwetu tunaujua kidogo. Uliitwa animation politique. Mobutu alizuru China na Korea Kaskazini miaka ya 1970, akaona jinsi umati unavyopangwa kumtukuza kiongozi kwa nyimbo na miondoko, akaurudisha nyumbani ukiwa na ngoma za Kikongo. Viwanda, shule, ofisi za serikali na wilaya vikaunda vikundi vya wacheza ngoma wenye sare, kazi yao kumsifu Kiongozi. Televisheni nayo ilifungua taarifa ya habari kwa uso wa Mobutu ukitokeza kwenye mawingu kama unashuka mbinguni. Aliyesimamia sehemu kubwa ya kazi hii ni Sakombi Inongo, waziri aliyeshika propaganda. Mwenzake wa Mambo ya Ndani, Engulu, alifika mahali pa kumtangaza Mobutu kuwa masihi.

Yupo mzee mmoja mwenyeji wa Bukavu anayeishi hapa mjini miaka mingi, huja Kaloleni mara mojamoja. Enzi hizo alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Jumapili moja kijana wetu mmoja alimuuliza, "Mzee, hivi mlikuwa mnacheza kweli, watu wazima na tai zenu?" Mzee akamwambia, "Mwanangu, tai zilikuwa zimekatazwa." Kisha akaweka glasi yake chini, akasimama katikati ya viti, akaonyesha. Hatua mbili kulia, mbili kushoto, magoti yamelegea kidogo, viganja vinapigwa kwenye pigo la nne. Akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea uwanja wa wazi:

"Tata bo?"

Akajijibu mwenyewe, kidole kimoja juu: "Moko!"

Baba wangapi? Mmoja. Halafu nchi ngapi, moja. Kiongozi wangapi, mmoja. Alipomaliza aliketi, akavuta pumzi, akatueleza jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko nusu ya yaliyoandikwa kuhusu Mobutu. Alisema mkuu wa idara yao hakuwa na habari na nani anaimba vizuri na nani anaimba vibaya. Aliangalia nani hayupo. "Kuimba haikuwa shida," alisema. "Shida ilikuwa kukosekana."

Nilimuuliza kama kulikuwa na mtu ofisini aliyekuwa anayaamini yale maneno. Akafikiri. Akasema wapo wawili watatu labda, lakini hakuweza kujua ni nani, kwa sababu wote walikuwa wanapaza sauti sawasawa.

Jibu hilo ndilo linalonifanya niseme kuitikia kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayemchukia mtawala akiwa peke yake nyumbani anajua analolijua. Akisimama kwenye uwanja wa ofisi, anamwona jirani yake anaitikia kwa nguvu, naye jirani anamwona yeye. Kila mmoja anaondoka akidhani mwenzake ameridhika. Hakuna polisi anayeweza kuwatenganisha watu namna hiyo.

Kwa nini Franco

Sasa rudi kwenye wimbo. Kama kila ofisi ina kikundi chake, kwa nini atafutwe Franco?

Kwa sababu vikundi vya animation vilijulikana ni vya serikali. Franco alikuwa wa watu. Bendi yake ilianza 1956 kwa jina la OK Jazz, kabla ya uhuru, na kwa karibu miaka thelathini alikuwa ameimba mambo ya nyumba za watu: wivu, wake wenza, majirani wambeya, wanaume wanaolelewa. Akiimba habari za mjini, mji ulijitambua. Tena watu walijua kwamba huyu si mtu wa kunyamaza. Juni 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Ulipotoka wimbo wa Franco uitwao Luvumbu Ndoki, ambao watu waliusikia kama unamlenga mwenye mamlaka, ulizuiwa, naye akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda. Mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi.

Lakini katikati ya matukio hayo mawili kuna jambo jingine linalosahaulika kwenye ubishi wetu. Serikali ya Mobutu ilianza kutaifisha biashara za wageni Novemba 1973 na kuzigawa kwa Wazaire, na Franco akaja kuwa na usimamizi wa kiwanda cha kuchapa santuri cha Mazadis. Akaongoza pia chama cha wanamuziki. Kwa mwanamuziki wa Kinshasa wakati ule, kutoa santuri, kupata pasi ya kusafiri na bendi, kupigwa redioni, kufungua klabu, njia zote zilipita kwenye mlango mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Mtu wa namna hiyo halazimishwi kwa bunduki, wala haitwi pembeni akapewa bahasha. Anaishi ndani ya nyumba ya mtu. Kwa hiyo "alilazimishwa au alinunuliwa" ni swali la nchi yenye milango mingi.

Na kifungo cha 1978 ukikitazama vizuri, hakikupunguza thamani yake kwa Mobutu, kiliiongeza. Mwaka 1984 aliyekuwa anamsifu rais alikuwa mtu aliyewahi kuonja jela ya rais huyo huyo, na kila msikilizaji alilijua hilo. Wimbo ukawa unasema mambo mawili kwa sauti moja: tazama anavyopendwa, na tazama hata huyu ameitikia.

Ubora wa muziki nao una nafasi yake, na ni sehemu inayoniuma. Wimbo mbaya wa kusifu unampa msikilizaji nafasi ya kuukataa kimoyomoyo, angalau kwa kuuchoka. Wimbo mzuri unamnyang'anya hata hiyo. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikianza mguu unaondoka kabla hujaamua, na ukishacheza umeshaitikia. Franco alitoa kazi nzuri kwa sababu hakujua kutoa mbaya.

Wimbo uliofika bila mawingu

Huku kwetu santuri ile ilifika kama kazi nyingine yoyote ya Franco, na mwaka uliofuata tukaupokea wimbo wake Mario kwa mikono miwili. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Hakuna mtu wa Arusha aliyeona uso ukitokeza mawinguni, wala kikundi cha ofisi kikicheza kwa sare, wala mkuu wa idara akihesabu waliokosekana. Tulipata sauti peke yake, kwa lugha ambayo wengi wetu tunaijua kwa viitikio tu. Na huu ni mji wa muziki huo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walipigia hapa wakiwa Arusha Jazz kabla hawajavuka mpaka kwenda Kenya, walikokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Sikio letu lilikuwa tayari kwa gitaa la Kongo miaka mingi kabla ya 1984. Tukacheza.

Ndiyo maana siwalaumu wenzangu wanaoona nawaharibia Jumapili. Kwao wimbo ni ujana wao: ukumbi, shati la mikono mirefu, mtu waliyecheza naye. Kumbukumbu hizo ni za kweli. Lakini yule mzee wa Bukavu, wimbo ukianza, huacha kuongea mpaka uishe. Hakuwahi kutuomba tuuzime.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nihangaike na Zaire wakati tunakaa hatua chache kutoka Makumbusho ya Azimio la Arusha, jengo ambalo Januari 1967 lilikuwa ukumbi walimokutana viongozi wa TANU. Swali zuri, na nalijibu bila kuzunguka. Nasi tulikuwa na chama kimoja. Nasi, kuanzia 1965 mpaka 1990, tulipiga kura ya ndiyo au hapana kwa mgombea mmoja wa urais. Sura ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwenye sarafu zetu, kwaya za shule zilimwimba, na halaiki zilipangwa uwanjani kwenye sikukuu za taifa. Aliyekulia miaka ile anajua kwamba kukosekana kwenye mkutano wa hadhara kuliweza kukuletea maswali ya balozi wa nyumba kumi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ilikuwa ni kitu kile kile. Azimio, pamoja na makosa yote ya utekelezaji wake, lilimfunga kiongozi kwanza: asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Kulikuwa na maandishi ambayo mwananchi angeweza kumshikia kiongozi, na watu waliyatumia. Kule kwa jirani maandishi yalikuwa ni mtu. Na Nyerere aliondoka Ikulu 1985 kwa hiari, mwaka mmoja tu baada ya wimbo tunaouzungumzia. Lakini kwaya ni kwaya. Mtoto aliyesimamishwa juani akafundishwa kumwimba kiongozi hakupewa Azimio alisome kwanza akubali, na mimi naona hilo lilikuwa kosa hata kama aliyeimbwa alistahili sifa.

Walipoulizwa

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuja miaka sita baada ya kura ile ya asilimia 99. Mwanzoni mwa 1990, vyama vya kikomunisti vikiwa vinaanguka Ulaya Mashariki, Mobutu aliwaalika wananchi watoe maoni yao kuhusu nchi. Barua zikaja kwa maelfu. Watu wale wale waliokuwa wanainua kidole kimoja juu waliandika kuhusu wizi, njaa, mishahara isiyolipwa, na wengi wakasema hawautaki tena mfumo wa chama kimoja. Aprili 24, 1990, pale N'Sele, nje kidogo ya Kinshasa, Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo huo, na katikati ya hotuba machozi yakamtoka, akaomba hadhira imwelewe kwa hisia zake.

Sidhani machozi yale yalikuwa ya kuigiza. Nadhani alikuwa ameitikiwa muda mrefu mno mpaka akachukua kiitikio kuwa jibu. Hapa ndipo mtambo unapomgeuka mwenyewe: unawaficha wananchi wasijuane, na unamficha mtawala asiwajue wananchi. Mei 17, 1997 vikosi vya Laurent-Désiré Kabila viliingia Kinshasa, na wale waliokuwa wakicheza kwa sare hawakuonekana barabarani kumtetea. Septemba mwaka huo Mobutu alifariki Rabat.

Sakombi Inongo, aliyempandisha mawinguni, aliokoka, akakiri hadharani aliyoyafanya. Kisha akarudi serikalini kuwa waziri wa habari, safari hii chini ya Kabila. Mabango makubwa ya rais mpya yakapanda mjini.

Franco hakuyaona hayo. Alifariki Oktoba 12, 1989 nchini Ubelgiji, na serikali ya Mobutu ikatangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Kuna wanaolitaja hilo kama ushahidi kwamba aliuza roho yake. Mimi nalipokea kwa namna nyingine: watu waliojaa barabarani kumzika walikwenda wenyewe, bila mtu wa kuhesabu waliokosekana. Anastahili lawama kwa santuri ya 1984, na lawama hiyo aibebe kama mtu mzima aliyejua anachokifanya. Haifuti kazi ya maisha yake, na kazi ya maisha yake haiifuti.

Kuhusu ubishi wetu wa Kaloleni, wapo wanaopendekeza wimbo uondolewe kwenye orodha kwa heshima ya wenzetu Wakongo, ambao wamezidi kuwa wengi mjini tangu nchi yao ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Napinga. Upigwe, tena wote, usikatwe kwenye sebene. Ila kabla haujaanza, yule mzee apewe nafasi atueleze ofisi yao ilikuwaje siku za animation, na vijana wamuulize watakalo. Akimaliza, anayetaka kucheza acheze, na anayetaka kukaa akae.